Mji Ulio Nyuma ya Mama

...mbona mshale unamwonyesha mama? Si bure, labda simu imechemka, labda ni nondo za huu ukuta, maana mdogo wangu Mbwana akijenga chumba cha kulala utadhani anajenga benki, hebu niizungushe hewani kama Ustadhi alivyoelekeza, kama unaandika nane, haya, nane, nane tena, mtu akinikuta hapa mlangoni juu ya kigoda atasema Zuena wa Tabata leo kapandisha mashetani, na mshale unayumba, unazunguka, unatulia palepale, kwa mama, kifuani pake, unampita unakwenda kwenye kitanda kilicho nyuma yake, na ukuta, na huko nje kwenye migomba ya jirani, na Ustadhi Sadallah hana habari, sauti yake inaendelea kwenye hedifoni ya sikio la kushoto, polepole kama kawaida yake, ...dola mzikague kabla hamjatoka nyumbani, ndugu zangu, dola iliyochanika, dola iliyoandikwa peni, zile za zamani za kichwa kidogo, hizo msije nazo, mtafika mji mtukufu mnahangaika na noti ambayo hakuna anayeitaka... na mama kanielekea mie. Kanielekea mie, jamani. Kasimama mbele ya kitanda chake, kiti cha plastiki pembeni kwa ajili ya magoti, shela nyeupe mpaka miguuni, mikono kifuani, yale macho yasiyoona tena ila mwanga na kivuli kayaangusha chini, anaswali alasiri, na anakoelekea ni huku kwangu mlangoni, na simu inasema kibla kiko nyuma yake.

Simu nayo si ya kuamini sana, juzi iliniambia niko Chalinze wakati nimesimama Tabata Bima mbele ya kikaango changu cha chapati, lakini msikiti hauna betri, msikiti ule pale dirishani, mkono wangu wa kulia, naona ubavu wake na bati lake la kijani, na lile tumbo la ukuta anamosimama imamu limetokeza upande huohuo wa mshale, upande wa Bagamoyo, kaskazini, na mama kaupa mgongo, loo, mama kaipa Makka mgongo, Bi Zubeda, mtu ambaye hata kucha hakati bila bismillahi... nyamaza Zuena, usitoe sauti, ana masikio huyu, macho yalipoondoka masikio yakachukua kazi zote mbili, na kabla hajaingia kwenye swala kanituma mwenyewe, kaa hapo mlangoni mwanangu, watoto wa Mauwa wasije kunikatiza mbele, na hilo liredio lako lizime, nikamwambia mama si redio, ni Ustadhi wa msafara, katuma sauti kwenye grupu la umra, anatufundisha mambo ya hela tukifika huko, akasema hela, hela, kila siku hela, huyo anatupeleka Makka au anatupeleka Kariakoo? Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Sasa hivi kicheko chenyewe sijui kimekwenda wapi.

Imekuwaje lakini? Mama akiswali hufunga mlango, ibada haina watazamaji, ndivyo asemavyo, leo tu kauacha wazi kwa sababu ya joto, na wifi yangu Mauwa yuko dukani mpaka jioni, na Mbwana mume wake ni mswalihina wa Ijumaa kwa Ijumaa, na mie nikijaga huku Bunju naswali sebuleni, Mauwa ananionyesha kwa kidole, huku wifi, basi yanaisha, nani angejua... kitanda. Ni kitanda! Ile samadari aliyoachiwa na bibi, kule Mwananyamala mchago wake ulikuwa upande wa jua linakotokea, ndivyo watu wa kwetu wanavyolaza vitanda, ukilala ubavu wa kulia uso wako uangalie kibla, ulale leo kama utakavyolazwa kesho kaburini, usije ukaona ugeni, alituambiaga hivyo tukiwa wadogo na sie tunajifunika shuka gubigubi kwa woga, na macho yalipoanza kumuaga akakifanya kitanda ndio dira yake, anashuka ubavu wa kulia, anasimama, kibla hicho hapo, hamuulizi mtu, kitanda hakidanganyi. Basi baba akafariki, nyumba ikauzwa tugawane, vitu vikaja huku na lori, na Elibariki fundi seremala, kijana wa watu wa Machame, Mlutheri, yeye anajua mbao tu, akaona mchago mrefu unaziba dirisha, mama wa watu atakosa hewa, akakigeuza, mchago ukaenda ukuta wa pili, wema mtupu, na mama akauliza kutoka sebuleni, kitanda mmekiweka kama kule? na Mbwana kabeba jokofu mgongoni, jasho linamtoka, akajibu ndiyo mama, kama kule. Ndiyo mama! Mkono wa kulia wa mama ukahama kaskazini ukaenda kusini, tangu mwaka juzi, hakuna aliyejua, na choo cha nyumba hiihii, Mungu nisamehe, Mbwana alimsimamia fundi mwashi mwenyewe, kisielekee kibla wala kisikipe mgongo, wakabishana mpaka wakaazima simu yenye dira, choo kikakaa sawasawa, kitanda cha mama hakuna aliyekiuliza kitu.

Kainama rukuu. Anashika magoti yote mawili, polepole, mgongo wake mdogo siku hizi, na kichwa kinainama kwangu, kwangu mie Zuena, nataka kujisogeza pembeni, nikisogea kigoda kitalia, nakaa, ...msiweke fedha mahali pamoja, nyingine kwenye mfuko wa ndani, nyingine kwenye begi, nyingine apewe mwenzako, kule ni umati, mtu anaibiwa si kwa ubaya wa mji, ni kwa uwingi wa watu... uwingi wa watu, naam, na mama atakuwa mmoja wao, kwenye kiti cha magurudumu, mie nasukuma, ndivyo tulivyopanga, tumejichanga mie na chapati zangu na Mbwana na matofali yake, na huo mji mama anaujua kuliko aliyekwenda, kila anayerudi kutoka huko lazima apite kwa Bi Zubeda, na hamuulizi Kaaba ikoje, hata, anauliza sakafu, eti ni kweli yale marumaru meupe jua linawaka juu yake na yenyewe baridi? Anayejibu ni kweli humshika mkono, haya nisimulie ukikanyaga unajisikiaje, kwanza wayo, halafu nini, na mtu mzima na kanzu yake anaanza kueleza nyayo zake hapa sebuleni, anaeleza mpaka anatokwa na machozi, na mama anakunja vidole vya miguu chini ya kanga, nimemwona kwa macho yangu, anakunja na kukunjua kama yuko juu yake. Mie sitauona ule mji, alisema siku tulipomwambia safari imetimia, ila wenyewe utaniona. Nikaenda jikoni kulia.

Na leo ndio naelewa ukubwa wa huo mji, leo, hapa Bunju, juu ya kigoda, maana nimeuona kwenye kalenda tangu utoto nikadhani ni picha tu, nyumba nyeusi na watu weupe wamezunguka, kumbe huo mji uko mbali vile na unatulazia vitanda, unatulaza makaburini, unachagua choo cha mtu wa Temeke kikae vipi, kuku hachinjwi Mwananyamala mpaka shingo igeuzwe kwake, haujawahi kumwona fundi wa Bunju na fundi wa Bunju anabishana na mwenye nyumba kwa ajili yake, na saa hii ninapofikiri kuna watu wanazunguka pale, hawajasimama, baba alipozaliwa walikuwa wanazunguka, nikipika chapati wanazunguka, tukizozana na Mbwana kuhusu nyumba walikuwa wanazunguka tu, Allah... na mwanamke mmoja kikongwe peke yake, katika watu wote wanaouelekea, kaupa mgongo na hajui.

Anaswali kuelekea wapi basi, hebu, nyuma yangu kuna nini, nyuma yangu korido, jiko, uzio, halafu barabara inateremka Tegeta, halafu mjini, Mwananyamala... Mwananyamala. Mama anaswali kuelekea nyumbani. Nyumba tuliyoiuza, na mpopo ule mwembamba wa uani, na kaburi la baba, kila siku mara tano anasimama anakuelekea baba na hajui, ee baba, na wewe umelala huko umeelekea huku, umetuelekea, nisilie, nikilia atasikia pumzi.

Sijida, anakaa kwenye kiti, anainama. Ananyanyuka. Rakaa ya pili hii, au ya tatu? Nimepoteza hesabu, na akitoa salamu ataniita, Zuena, atasema, haya niambie huyo Ustadhi kasema nini, na mie nitasema nini? Nikimwambia hendi. Namjua. Mtu mwingine ungemwambia mama hukujua, Mungu ni mpole, akasema alhamdulillah maisha yakaendelea, lakini Bi Zubeda, thubutu! Huyu aliyenibebesha mchi wa kinu kutoka huku mpaka Mwananyamala juzijuzi, mchi mpya wa mninga, mzito kama mtoto, kisa alimvunjia jirani yetu wa kule Bi Marietha mchi wake zamani wakipokezana kutwanga, mie hata meno sijaota, na safari ya Makka huiendi na haki za watu, lazima uage, uombe radhi mlango kwa mlango, basi tumefika kwa Bi Marietha, mmakonde wa watu, mkatoliki, na rozari yake shingoni, anashangaa, Mama Zuena, mchi gani tena? Kinu chenyewe nimewapa kuku wanywee maji! Mama akasema umesahau wewe dada, mie sijasahau, dawa ya deni kulipa, sema umenisamehe. Nimekusamehe, kaa basi unywe chai. Akasema hapana, sema kwa kinywa, taja na mchi. Na Bi Marietha akasimama wima pale uani, akasema mie Marietha nimemsamehe Zubeda mchi wangu, akaanza kulia, wakashikana wale wazee wawili, mie nimeshika limchi nasubiri pa kuliweka. Sasa mtu wa namna hiyo, wa deni la mchi, umwambie ana deni la swala za tangu mwaka juzi, tena kwa Mwenyewe! Atasema nizilipe kwanza. Ataketi kwenye kiti kile cha plastiki alipe, alfajiri na alfajiri juu yake, adhuhuri na adhuhuri juu yake, ndege itaruka Alhamisi yeye yuko hapa anahesabu, nitasema mama, Ustadhi kasema aliyekosea bila kujua amesamehewa, atasema Ustadhi ni Ustadhi wa hela. Na umri huu, na kifua kile, mwaka kesho nani kamwahidi? Na nisipomwambia? Ninyamaze, niifunge siri, kitanda nikigeuze tukisharudi, nimtazame anaswali leo magharibi, kesho, keshokutwa, kaupa mgongo mji anaouota, na mie najua? Mungu wangu. Bora nisingeifungua hii simu.

...kwenye mashine ya kutolea fedha, sikilizeni vizuri hapa, wengi wanaliwa hapa, itakuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa riali, wewe chagua riali, ukichagua shilingi umejitakia mzunguko, fedha yako itafika ileile lakini umezungushwa na mzunguko umeulipia... kanyanyuka tena, kasimama, midomo inachezacheza, mzunguko, fedha inafika lakini imezungushwa, maneno ya hela haya lakini mbona yamenigota, mzunguko, nani aliwahi kunionyesha mzunguko... chungwa. Mwalimu Gibson! Darasa la tano, Mwananyamala, chungwa lililomenywa la yule mama wa getini, anatembeza ukucha juu yake, dunia ni hii, nyie mko hapa, ukienda kaskazini hivi bila kukata kona utafika Arabuni, na ukigeuka ukaenda kusini bila kukata kona je? Darasa zima tukasema utaanguka baharini mwalimu! Akacheka, akatembeza ukucha, akapita chini ya chungwa kwenye barafu, akapanda upande wa pili, akapita juu kwenye barafu nyingine, akateremka, akateremka, akafika palepale Arabuni, akasema njia ndefu, lakini kaja kugonga mlango uleule. Halafu akalila chungwa, sie tunammezea mate.

Njia ndefu. Mama... kwa hiyo swala zako hazikupotea mama, hazikudondoka Tegeta, zimekwenda, alfajiri ile unayoamka kabla ya muadhini, imetoka kwenye mlango huu, nyuma yangu hapa, imepita Mwananyamala ikamsalimia baba, ikaendelea Lindi, Mtwara, bahari, huko kwenye barafu kusikokuwa na mtu hata mmoja, giza na upepo, swala ya Bi Zubeda peke yake inapita na kanga yake, ikazunguka chini ya dunia yote, ikapanda, watu ambao hawajawahi kumsikia bibi wa Bunju wamelala na yenyewe inapita juu yao, ikateremka kutoka huko juu... ni ujinga huu, Zuena, ni akili ya chapati, lakini ni furaha au ni hofu, sijui, sijawahi kuogopa hivi na nisitake kuondoka.

...usafiri sasa, teksi mkubaliane bei kabla ya kukaa, si baada, na viti vya magurudumu vya wazee, tafuteni wale wasukumaji rasmi wenye sare, ulizeni bei kwanza, asije mtu akakushikia mzazi wako akakusukumia halafu akakutajia bei akiwa katikati... mzazi wangu nitamsukuma mwenyewe Ustadhi, ...maji ya kunywa msinunue ovyo, zamzam mle ndani ni bure, nendeni na chupa, na chakula, ukiingia mtaa wa pili nyuma ya hoteli bei inashuka, na zawadi, jamani zawadi, msinunue siku ya kwanza, macho ya siku ya kwanza yananunua kila kitu... kaka huyu naye, kila kona kwake ina bei, na huenda ndio mapenzi yake hayo, hataki watu aliowapeleka waaibike kwenye mji wa watu, kila mtu na namna yake ya kuogopa, ...tende tutanunua Madina, kwa sababu tunaanzia Madina, Makka baadaye. Na hapo niseme kitu, maana msafara uliopita walibishana sana na simu zao, walisema zimeharibika. Madina iko kaskazini ya Makka. Nyie hapa Dar mmezoea kibla kaskazini. Tukifika Madina mtageuka. Watu wa Madina huelekea kusini. Msishangae, simu ni nzima, ni nyie ndio mmehama...

Ngoja. Nirudishe. Narudisha nyuma, ...Watu wa Madina huelekea kusini... tena, ...huelekea kusini, msishangae, simu ni nzima...

Kusini. Na ukucha wa Mwalimu Gibson ukiteremka kutoka juu, kabla haujafika Makka unapita wapi? Unapita Madina. Iko kaskazini yake, kasema mwenyewe, iko juu yake, lazima upite Madina, hakuna namna, subhanallah, swala zote za mama, zote, zimepita Madina kwanza, zimeingia mlango wa Madina na watu wa Madina, zikajipanga nao, bega kwa bega, wameelekea kusini na yeye kaelekea kusini, wanainama huko na yeye anainama hapa Bunju, ubavu uleule, mkono uleule wa kulia ambao kitanda kilimwachia, mama yangu kipofu tangu mwaka juzi anaswali kama mwenyeji wa Madina na hakuna aliyemwambia, sie na macho yetu tumebaki huku Dar, yeye kashafika. Naziba mdomo kwa mkono. Machozi yanapita kwenye vidole, yapite, siwezi kuyazuia, sijui nalia nini, nalia ule mji ulivyo mkubwa, mtu ukijaribu kuupa mgongo unakuzunguka unakuja kukutokea mbele.

Basi nitamwambia. Kumbe neno lenyewe hili hapa, nilikuwa nalitafuta wapi. Sitasema mama umekosea. Nitamshika mkono, kama yeye anavyowashika wanaorudi, nitasema mama, wewe ulitangulia Madina, sie ndio tunakufuata. Atasema nini wewe, umepatwa na nini? Nitamwambia kitanda, na Elibariki, na mshale, vyote, simfichi kitu, na uso wake utabadilika, naujua utakavyobadilika, atavua ushungi aanze kutafuta hesabu, atasema basi nina deni. Nitasema ndiyo mama, una deni, na dawa ya deni kulipa, na linalipwa kulekule ziliko, swala zako ziko Madina zinakungoja, zimefika kabla ya mwenyewe, tusipokwenda nani atazipokea? Hapo nimemkamata. Kwa sheria yake mwenyewe nimemkamata. Atasema haya basi, lakini hicho kitanda kigeuzwe leoleo, na Mbwana aje hapa anieleze kama kule ni kama wapi. Jamani Mbwana leo atakiona! Na akikataa? Anaweza kukataa, ni Bi Zubeda huyu. Akikataa nitakigeuza kitanda na nitakaa naye hapa, atalipa na mie nitamhesabia, lakini nitamwambia kwanza, haki yake kuambiwa, ni swala zake.

Rakaa ya mwisho hii, kakaa kwenye kiti, hatasimama tena, kidole cha shahada kiko juu ya goti, na mie alasiri yangu sijaiswali, udhu ninao, nilitawadha pamoja naye, nilimmiminia maji nikajimiminia na mie. Nasimama. Kigoda hakikulia. Mshale unaonyesha mbele, mbele yangu ni mama, na nyuma ya mama kitanda, na ukuta, na Bagamoyo, na bahari na majangwa, na mji wenyewe, na mama kanielekea mie na mie namwelekea yeye, uso kwa uso, katikati yetu sakafu tu, saruji ya Mbwana, na nimekumbuka alichotusimulia Ustadhi siku ya kwanza, kwamba pale tu, katika dunia nzima, watu wanaswali wakiangaliana, maana wamesimama pande zote na Nyumba iko katikati yao. Naangalia ile saruji. Imekaa kimya, ina ufa mmoja mdogo na mchanga wa miguu ya watoto, na siwezi kuikanyaga, nakuambia siwezi, navua ndala, narudi nyuma hatua. Mama kainua uso kidogo, kivuli changu kimemwangukia, kakiona, yuko kwenye tahiyatu, midomo inacheza, na vidole vya miguu chini ya shela vinajikunja na kujikunjua juu ya sakafu. Naweka simu chini, Ustadhi bado anaongea humo kwenye hedifoni, ...na noti ndogondogo, msisahau noti ndogondogo... nanyanyua mikono yangu mpaka masikioni.